Kompyuta ya Nyumbani Ipatapo Joto

Kompyuta siku hizi imeingia majumbani kama cherehani na redio zilivyoingia zamani, nayo imekwisha shika pahali pake. Watoto hufanyia masomo yao, mama huandikia hesabu za biashara yake, na baba husomea habari za ulimwengu. Lakini katika nyumba nyingi za pwani yetu lasikika lalamiko moja. Asubuhi chombo chafanya kazi vyema. Ifikapo alasiri chaanza kuvuma kama upepo wa kusi, mwendo wake wapungua, kisha chazimika ghafula bila ya kuaga. Huitwa fundi, naye akiufungua na kuugusa ule ubao mkubwa uliomo ndani, uitwao ubao mama na ambao mafundi wenyewe huuita madabodi, akauona una moto, hutoa hukumu yake papo hapo: "Bodi imeungua, nunueni nyingine." Basi hutolewa fedha iliyowekwa kwa ada ya shule au kwa mahitaji ya Ramadhani, hununuliwa ubao mwingine, na baada ya mwezi mmoja joto hurudi pale pale.

Twataka hapa kumsikiliza mshitakiwa kabla ya kumhukumu. Ubao mama wenyewe hautoi joto ila kidogo sana. Ni bamba la nyuzi za kioo zilizoshikamana kwa gundi ngumu, likatandazwa njia nyembamba za shaba, na kazi yake ni kubeba vyombo vingine na kupitisha umeme baina yao. Joto lionekanalo juu yake aghalabu ni la wageni aliowakaribisha, au ni la hewa iliyokosa njia ya kutokea. Mwenye kubadilisha ubao bila ya kuuliza joto latoka wapi ni kama mtu anayevunja sakafu ya jikoni kwa kuwa aliikanyaga akaiona ya moto, na jiko lingali linawaka juu yake.

Mgeni mkubwa ni prosesa, ndiyo akili ya chombo. Prosesa nyingi za kompyuta za mezani hupimwa kuwa za wati 65, yaani zifanyapo kazi kwa bidii hutoa joto sawasawa na ile balbu ya zamani ya wati 60, ambayo hapana aliyethubutu kuishika ikiwaka. Na joto hilo lote hutoka katika kipande kisichozidi sana ukucha wa kidole gumba. Pembeni mwa prosesa pana safu ya vyombo vidogo vyeusi vya kugeuza umeme. Hivyo hupokea volti 12 kutoka katika pawa saplai, vikazishusha hata zikawa volti moja na kidogo, ndicho kiasi prosesa ikitakacho. Sasa tazama hesabu: wati 65 zikipita kwa volti moja na kidogo, mkondo wa umeme huo huzidi ampea 50, mwingi kuliko ule uingiao katika jiko zima la umeme. Haiwezekani mkondo kama huo ukapita mahali pembamba pasipate joto. Mgeni wa tatu ni chombo kiitwacho chipseti, chenye kuongoza njia za diski, za USB na vinginevyo. Huyu huwa na joto la wastani tu akiwa mzima.

Kabla ya kuogopa tarakimu yoyote yafaa kujua jambo moja ambalo wengi hawalifikiri. Joto la ubao huhesabiwa kutoka joto la chumba. Kompyuta nyingi tulizo nazo zimekwisha tumika maofisini Ulaya na kwingineko kabla ya kutufikia. Tuseme moja yao ilikuwa katika chumba cha digrii 20, na ubao wake ukisoma digrii 40. Tofauti ni 20. Imeletwa Mombasa au Unguja mwezi wa Februari, chumba kikawa digrii 32. Ubao ule ule, mzima kabisa, utasoma 52. Mtu asomaye maandishi ya kigeni yasemayo kwamba 52 ni nyingi atafadhaika bure. Basi chukua kwanza joto la chumba, ulitoe katika joto la ubao, ndipo useme. Ubao ukizidi chumba kwa digrii 10 hata 20, hauna neno. Ukizidi kwa 30 na zaidi, hapo uliza.

Joto lenyewe husomwa kwa njia mbili. Chombo kikiwashwa, bonyeza Del au F2 mara kadhaa, utaingia katika ukurasa wa BIOS, na humo hupatikana sehemu ya afya ya kompyuta yenye joto la prosesa, la ubao, na mwendo wa feni. Njia ya pili ni kuweka programu ya kupimia, kama HWMonitor, ambayo hupatikana bure. Nayo ni bora zaidi kwa kuwa yaonyesha joto wakati kazi zikiendelea. Prosesa kufika digrii 70 au 80 katika kazi nzito si ajabu. Zikikaribia 100, prosesa nyingi za leo hujipunguzia mwendo zenyewe ili zipoe, na joto likizidi kupanda hujizima. Kwa hiyo ule mwendo wa kobe wa alasiri na kule kuzimika ghafula aghalabu ni kinga. Chombo kinajiokoa, hakijafa.

Hapa pana mtego uliowagharimu watu wengi. Katika programu hizo huonekana pengine mstari mmoja usemao digrii 127, au zaidi ya hapo, na mwenye kompyuta akaruka kwa hofu. Tazama mstari huo kwa muda. Ikiwa tarakimu haibadiliki hata chembe, chombo kikiwa kimetoka kuwashwa na kikiwa kimekwisha fanya kazi saa nzima, huo ni uwongo wa kipimo. Maana yake ni kwamba watengenezaji waliacha nafasi ya kipima joto lakini hawakuunganisha kitu mahali hapo, na programu husoma mwisho wa kipimo. Joto la kweli hupanda na kushuka. Ubao wa digrii 127 kweli ungekwisha kukupa harufu chumbani.

Tena, bado hujafungua kasha, bonyeza pamoja Ctrl, Shift na Esc, utaona programu zinazofanya kazi. Ikiwa hakuna mtu anayetumia chombo na prosesa inafanya kazi kwa asilimia 90, pana mgeni asiyealikwa ndani, pengine programu ya wizi inayochimba sarafu za mtandaoni kwa umeme wako wewe. Hapo dawa ni kuisafisha kompyuta kwa programu ya kuulia virusi, wala brashi na bisibisi hazina kazi.

Baada ya hayo, tazama saa. Hiki ndicho kipimo kizuri kupita vyote, wala hakina gharama. Washa kompyuta ikiwa imepoa, uangalie joto la prosesa. Ikiwa lapanda kufika 90 kwa muda wa dakika moja au mbili, basi feni iliyo juu ya prosesa imesimama, au lile pande la alumini lenye mapezi halikugusana vyema na prosesa, joto likakosa daraja la kuvukia. Lakini ikiwa lapanda polepole, nusu saa, saa nzima, na ubao nao wapanda pamoja nalo, basi hewa ya moto imefungiwa ndani ya kasha. Ukitaka kuhakikisha, ondoa mlango wa ubavuni mwa kasha, uelekeze feni ya mezani pale wazi, uangalie kwa dakika 20. Joto likishuka kwa digrii 10 au zaidi, umekwisha pata jawabu: ubao hauna kosa, ni njia ya hewa. Lakini usiache mlango wazi siku zote. Vumbi litaingia, na vidole vya watoto vitafuata.

Na njia ya hewa huzibwa na nani? Aghalabu huzibwa na sisi wenyewe kwa mapenzi yetu. Kompyuta hufunikwa kitambaa cha kufuma kilichopigwa pasi, kwa kuwa ni kitu cha thamani na wageni watakiona. Au huingizwa katika kabati lenye mlango ili isiibiwe. Au hukazwa ukutani, matundu yake ya nyuma yakibusu chokaa. Kwa kanuni ya makasha mengi hewa baridi huingia kwa mbele na ya moto hutoka kwa nyuma, basi nyuma yake ipewe nafasi ya shubiri moja, na isiwekwe juu ya zulia. Kitambaa cha kufuma ni kizuri, kivikwe redio iliyozimwa.

Hewa ya pwani nayo ina yake. Chumvi ya bahari huvuta unyevu, na vumbi likikutana na unyevu hugeuka kama tope jembamba lishikalo baina ya mapezi ya alumini. Huko bara vumbi ni jepesi, hupeperuka, lakini letu huganda. Moshi wa udi na ubani nao huacha utando wa kunata. Hatusemi nyumba ziache kufukizwa, haikosi. Ila chetezo kisiwekwe chini ya meza ya kompyuta. Mijusi kafiri na mende pia hupenda vuguvugu la ndani, na mjusi akikanyaga mahali pasipofaa huunganisha njia mbili za umeme, akafa yeye na ubao pamoja.

Kusafisha ni kazi ya mtu mtulivu. Zima chombo, chomoa waya ukutani, ubonyeze kitufe cha kuwashia mara mbili tatu ili umeme uliosalia uishe, kisha gusa chuma cha kasha ili umeme uliomo mwilini mwako utoke. Tumia brashi laini ya rangi iliyo mpya na kavu, au bloa ya mkono. Unapopuliza, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kwani yakizungushwa kwa nguvu ya upepo huharibu bushi zake. Tazama pia feni ya nyuma yapuliza wapi: upande wenye miguu inayoshikilia mota ndiko hewa itokeako. Tumeona feni zilizogeuzwa na mtu aliyezirudisha kwa haraka, zikawa zinaisukuma hewa ya moto irudi ndani. Pawa saplai usiifungue kabisa, hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake mna kapasita zenye kuweka umeme wa volti zaidi ya 300, nao hukaa humo kwa muda baada ya waya kutolewa. Puliza kwa nje tu.

Tukirudi kwa lile pande la alumini. Kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel, tangu mwaka 2004, pande hilo na feni yake hushikwa na vijiti vinne vya plastiki vilivyosukumwa katika matundu manne ya ubao. Kijiti kimoja kikichomoka, pande huinama upande, nalo halionekani limeinama mpaka uliguse. Mama mmoja jirani yetu, mwenye kuuza nguo za watoto na kuandika madeni yake katika kompyuta, alihama nyumba, na kompyuta ikachukuliwa kwa mkokoteni katika njia ya mashimo. Tangu siku hiyo ikawa yazimika kila baada ya dakika chache. Fundi alimwambia ubao umekufa, akataja bei ambayo ni faida ya miezi miwili. Kijana mmoja wa mtaani, mwanafunzi wa ufundi, alitazama kwa tochi, akabonyeza kijiti kimoja kwa kidole gumba, pakasikika mlio wa "tak". Yule mama hakununua kitu. Fundi aliyepewa kitu cha watu amepewa amana, na kutaja bei kabla ya kutazama si ufundi.

Ikiwa pande limekaa imara na joto lingali linaruka, basi mafuta mazito yaliyo baina yake na prosesa, ambayo mafundi huyaita pesti, yamekauka yakawa kama unga wa chokaa. Hufutwa kwa spiriti ya hospitali na kitambaa kisichotoa nyuzi, kikatiwa kipya kiasi cha punje ya mbaazi, wala si zaidi; kazi yake ni kuziba vinyufa visivyoonekana kwa macho, na ikipakwa nene huwa blanketi. Wapo wanaotia dawa ya meno. Siku mbili tatu hufaa, kisha hukauka, na kompyuta ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Sasa twafikia yale yaupatayo ubao wenyewe, na hapa yapasa kuangalia kwa makini. Karibu na prosesa vimesimama vijipipa vidogo viitwavyo kapasita, vyenye kutuliza umeme usitetemeke. Vile vya kizamani vina maji maji ndani yake na msalaba uliochongwa juu. Kijipipa kizima kina uso bapa. Uso ukivimba kama andazi, au pakaonekana ute wa kahawia uliokauka, kimekwisha, na hapo umeme huingia katika prosesa ukitetemeka, na vyombo vinavyougeuza hupata joto la kupita kiasi.

Kapasita hizi huuawa na joto polepole kwa hesabu inayojulikana: kila digrii 10 zipungukapo, umri wake huongezeka mara mbili. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa digrii 105, ikikaa katika digrii 85 itapata saa 8,000. Kompyuta ikiwashwa saa 8 kwa siku, hiyo ni siku 1,000, haitimii miaka mitatu. Ikikaa katika digrii 65 itapata saa 32,000, nayo ni karibu miaka 11. Yaani kitambaa cha kufuma na vumbi la mwaka mmoja vyaweza kumaliza umri wa ubao uliokuwa na miaka mingi mbele yake. Kwa hiyo hata nyumba ambayo kompyuta yake haijawahi kuzimika haifai kuliacha joto hili hivi hivi.

Pengine kosa lilikuwa la kiwandani. Mwanzoni mwa karne hii ulimwengu mzima ulipata msiba wa kapasita mbovu. Kompyuta za maofisini za Dell, aina ya OptiPlex GX270 na nduguye GX280, zilikuwa mashuhuri kwa jambo hilo, na katika mwaka 2005 kampuni hiyo ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya hasara yake. Karatasi za mahakama zilizofunuliwa mwaka 2010 zilionyesha kwamba kompyuta zisizopungua milioni 11.8 zilizouzwa baina ya Mei 2003 na Julai 2005 zilikuwa katika hatari hiyo. Mwenye kununua ya mtumba ya miaka ile, afungue mlango atazame vijipipa kabla ya kutoa fedha. Bodi nyingi za miaka ya baadaye zina kapasita kavu, zisizo na maji maji wala msalaba juu, nazo hustahimili joto zaidi.

Na hata kapasita zikivimba, ubao haujafa. Fundi wa redio ajuaye kutumia chuma cha kulehemu aweza kuzibadilisha moja moja. Sharti ziwe na kipimo kile kile cha maikrofaradi, volti zisizopungua zile za mwanzo, ziandikwe digrii 105, ziwe za aina itengenezwayo kwa kazi ya bodi za kompyuta, na upande wa hasi usigeuzwe, la sivyo zitapasuka. Bei ya kapasita sita ni kitu kidogo sana mbele ya bei ya ubao.

Lini basi mshitakiwa ana hatia? Ikiwa chipseti yaunguza kidole dakika moja baada ya kuwashwa, na umekwisha toa kila kitu kilichochomekwa katika USB, basi imekufa ndani, nayo haitengenezeki kwa ufundi wa mtaani. Mara nyingi huuliwa na tundu la USB lililovunjika, vijichuma vyake vikagusana. Kwa hiyo tundu kama hilo lizibwe, lisitumiwe. Ikiwa plagi ya waya wa volti 12 iliyo karibu na prosesa imegeuka rangi ya kahawia na plastiki yake imeyeyuka, mgusano ulilegea, na hapo ni hatari ya moto: chombo kizimwe, kisiwashwe tena mpaka plagi na tundu lake vibadilishwe. Na ikiwa ubao umekuwa mweusi mahali, una harufu ya kuungua, basi hapo fundi amesema kweli, na fedha itoke.

Ubao ukitengenezwa au ukibadilishwa, usilipe mlangoni. Kompyuta iwashwe mbele yako wakati wa alasiri, mlango wa kasha ukiwa umefungwa, ifanye kazi nzito saa moja. Kisha chukua kipande cha karatasi, andika tarehe, joto la chumba na joto la ubao, ukibandike ndani ya mlango wa kasha. Baada ya miezi mitatu soma tena. Ikiwa tofauti ya tarakimu hizo mbili imezidi ile ya mwanzo kwa digrii 10, chukua brashi.